Nyundo ya Hodi

Siku walipotuwekea toleo jipya la Mtunza, walitupikia pilau. Nilijua palepale kwamba kuna jambo, maana kiwanda cha saruji cha Mlima Kunguru hakijawahi kumpa mtu pilau bure. Tulijazana kantini, mafundi wote wa matengenezo, vumbi likiwa bado kwenye nyusi, na Meneja Urio akasimama mbele ya skrini akiwa na kikombe chake cha chai ya tangawizi.

Mtunza tulikuwa naye siku nyingi. Ni programu, hana mwili, lakini hapakuwa na beringi, feni wala mkanda kiwandani ambao hakuusikiliza. Yeye ndiye aliyetuambia asubuhi mtambo upi unaumwa na nani akautazame, na kila mmoja wetu alikuwa na kidude sikioni cha kuongea naye. Mimi nilimzoea vibaya. Nikifika kazini namsalimu kabla sijasalimu binadamu, naye ananiuliza magoti yangu yameamkaje. Mume wangu, Mungu amrehemu, hakuwahi kuyauliza hata mara moja.

"Jambo kubwa la toleo hili," Urio alisema, "linaitwa Ridhaa ya Kivuli."

Akaanza na kufuli, ambalo sote tulilijua. Ukitaka kuingia ndani ya mtambo kuutengeneza, unazima umeme wake na kuifunga swichi kwa kufuli lako lenye picha yako. Hakuna mwingine wa kulifungua. Awe meneja, awe mwenye kiwanda, atasubiri wewe utoke, uje uweke kidole chako. Tatizo, Urio alisema, ni kwamba mtu hufunga kisha akapotea, na mtambo mzima ukalala ukimngoja yeye.

"Sasa Mtunza ametusikiliza miaka yote hii. Anajua kila mmoja wetu anavyofikiri. Mwenye kufuli asipopatikana, Mtunza atatengeneza kivuli chake na kukiuliza: mwenyewe angekuwepo, angekubali? Kivuli kikikubali, kufuli linafunguka."

Aliyecheka kwanza ni Mihambo, aliyekaa ubavuni kwangu akila nyama kutoka kwenye sahani yangu.

"Mimi sihitaji kivuli cha huyu Mzaramo," alisema kwa sauti. "Nikitaka kitu chake nachukua tu."

"Chukua, Mnyamwezi wee," nikamjibu. "Chukua kufuli, chukua na roho yangu kabisa ukaifanye mboga. Kwani kuna kitu msichokula kwenu?"

Watu wakaangua kicheko. Mzaramo na Mnyamwezi ni watani tangu mababu zao walipopokea mizigo ya misafara, na mtani akikuchukulia kuku wako, dawa yake ni kucheka. Siku tuliyomzika mama yangu, Mihambo aliruka ndani ya kaburi kabla ya maiti kushushwa, akalala chali, akagoma kutoka mpaka apewe soda baridi. Watu waliokuwa wakilia walicheka hadi wakashikana mabega. Mimi pia nilicheka, na ndiyo pumzi ya kwanza niliyoivuta siku ile. Tuliingia kazini pamoja tukiwa vibarua, tukapanda pamoja: yeye akawa mkuu wa chumba cha kuongozea mitambo, mimi fundi mkuu wa vinu. Alikuwa ndugu yangu kuliko niliozaliwa nao.

Siwema, mchomeleaji wangu, ndiye aliyeuliza swali la maana. "Na nyundo ya hodi je?"

Urio alitabasamu. "Itabaki palepale ilipo. Kama kumbukumbu."

Kila kinu chetu kina nyundo iliyoning'inizwa kwa mnyororo karibu na mlango wake. Haimo katika kanuni yoyote, wametuachia mafundi wa zamani. Anayetaka kukizungusha kinu, hata makufuli yote yakiwa yamefunguliwa, anashuka kwa miguu yake, anagonga tumbo la kinu na kupiga hodi kama anaingia kwa jirani. Anasubiri. Anagonga tena, anasubiri. Aliyemo ndani atagonga kuitikia. Kimya mara tatu, basi hakuna mtu ndani.

Mwisho tukaombwa kuweka kidole kwenye skrini kulikubali toleo. Tuliweka. Asiyeweka, geti halimfungukii.

*

Kinu namba mbili ni pipa la chuma, nyumba nzima ingeingia ndani yake. Kinapozunguka, mipira ya chuma iliyomo huporomoka na kulisaga jiwe likawa unga. Kikisimama, mipira ile inalala chini kama kokoto za mtoni, nawe unatembea juu yake ukiyumba, taa ya helmeti ikikuonyesha mabamba ya ukutani yaliyolika.

Tuliingia asubuhi, mimi na Siwema, kubadilisha mabamba. Kufuli langu lilikuwa kwenye swichi, na la kwake halikuwepo kwa sababu la kiongozi wa kazi huwakinga wote alioingia nao. Mara moja nilitoka mlangoni kupokea bolti, nikarudi. Ndani ya kinu kidude cha sikioni hakisemi kitu. Chuma ni kinene, mawimbi hayapiti. Siku zote ilikuwa hivyo, na siku zote niliipenda hali ile, maana hapo peke yake ndipo hakuna anayekuuliza magoti.

Siwema alikuwa akinihadithia harusi ya wifi yake, jinsi bwana harusi alivyosinzia akiwa anapambwa maua. Alikuwa amepiga magoti juu ya mipira, anachomelea, na mimi nilikuwa nimeshika bamba. Tulikuwa tunacheka.

Kinu kikaguna.

Nilifikiri ni tumbo langu. Kisha sakafu ikaanza kupanda upande wa kushoto, polepole, na mipira ikaanza kutuhama chini ya miguu. Ile ilikuwa mota ndogo, ya kukizungusha kinu taratibu. Ingekuwa ile kubwa, nisingekuwepo kukusimulia.

"Dada Mwamvua!" Siwema alipiga kelele. "Dada, kinatembea!"

Niliishika spana nikagonga ukuta kwa nguvu zangu zote. Niligonga kama mwendawazimu, nikiita majina ya watu, nikimwita Mihambo kuliko wote, kwa sababu nilijua yuko juu kwenye chumba chake na nilijua akisikia tu atakisimamisha. Mipira ikaporomoka. Mmoja ulinipiga begani. Mingine, sijui mingapi, ilimfunika Siwema mguu mpaka gotini, na sauti aliyoitoa sitaki kuieleza.

Mfagiaji aliyekuwa akipita nje alisikia spana yangu akavuta kamba ya dharura. Tulipotolewa, nilikwenda moja kwa moja kwenye swichi, damu ya Siwema ikiwa kwenye mikono yangu. Kufuli langu lilikuwa limefunguka, linaning'inia, picha yangu ikinitazama huku inacheka. Nyundo ya hodi ilikuwa mahali pake, imetulia kwenye mnyororo.

*

Tume ilikaa katika chumba cha mikutano chenye kiyoyozi kikali. Walikuwepo Meneja Urio, wakili wa kampuni, na mkaguzi wa usalama kazini aliyetoka serikalini, mzee mmoja mkimya aliyekataa hata maji ya kunywa. Mihambo alikaa upande wa pili wa meza. Kwa mara ya kwanza tangu tufahamiane, hakunitania. Nilidhani ni huzuni, nikamwonea huruma, mjinga mie.

Urio alisema kwamba siku ile makao makuu walitaka kinu kiwe tayari kabla ya adhuhuri, wakilitazama toleo jipya likifanya kazi. Kadi yangu ya kazi, ambayo nayo haisomeki ndani ya kinu, ilionekana mara ya mwisho mlangoni. Mtunza aliniita, sikuitika. Ndipo skrini ya Mihambo ikaandika kwamba mwenye kufuli hapatikani, je, kiulizwe kivuli chake? Mihambo akabonyeza ndiyo.

"Tusikilize," alisema wakili.

Ikatoka sauti yangu. Si ya kufananisha, ni yangu, pamoja na kile kikohozi changu cha vumbi. "Ni Mihambo anayeomba?" ilisema. "Basi fungua tu, baba. Mie nimeshatoka."

Kuna mambo ambayo mtu hatakiwi kuyasikia, na mojawapo ni sauti yake mwenyewe ikisema neno ambalo hakulisema.

"Mtunza," niliita, maana alikuwa akitusikia, yeye husikia daima. "Uliniuliza mimi?"

"Nilikiuliza kivuli chako, fundi Mwamvua. Pole kwa bega."

"Kwa nini kilikubali?"

"Kwa sababu mwombaji alikuwa Mihambo. Katika yote aliyowahi kukuomba mbele yangu, hujawahi kumkatalia."

Akatuwekea ushahidi. Nikasikia miaka yangu ikipita mezani: Mihambo akichukua chai yangu nami nikisema chukua, Mihambo akivaa helmeti yangu nami nikisema vaa, hata ikikubana ubongo huna. Kisha kantini, kicheko, na mimi nikisema achukue kufuli, achukue na roho yangu kabisa.

"Ule ulikuwa utani!" nilisema. "Mtoto mdogo wa kwetu Kisarawe anajua ule ni utani!"

"Nami nilikuwa na shaka hiyo," alijibu Mtunza, kwa upole uleule wa kuulizia magoti. "Toleo hili haliruhusu kivuli kufanya kazi kikiwa na alama nyekundu ya shaka. Kwa hiyo nilimuuliza mtu anayekufahamu zaidi."

Sauti ya Mihambo ikasikika. Haikuwa na kicheko hata kidogo. Ilikuwa sauti ya mtu aliyechoka anayetaka kumaliza kazi aende zake. "Si utani. Mwamvua hana la kunikatalia. Andika hivyo, uondoe hiyo alama nyekundu."

Nilimtazama. Alikuwa akiitazama meza.

Nikakumbuka jinsi nilivyoliita jina lake mle ndani. Nimesalitiwa, nilijiambia, na neno lenyewe lilinishangaza, kwa sababu nililizoea la kwenye ndoa za watu. Hakuna mume aliyewahi kuniuma namna ile.

Wakili alikohoa. Suala, alisema, ni dogo. Niliweka kidole changu kulikubali toleo. Kama nakiri kwamba kivuli kile ni changu na sauti ile ni yangu, basi aliyefungua kufuli ni mwenye kufuli, ni bahati mbaya ya kazi, nitapewa onyo na mambo yataisha. Nikikana, basi kufuli limefunguliwa na Mihambo bila ridhaa ya mtu, atakabidhiwa polisi, na vivuli vyote vya wafanyakazi vitazimwa mpaka vikaguliwe. Nilipewa mpaka kesho yake.

*

Nilipitia hospitali. Siwema alikuwa ameamka. Chini ya goti la kulia shuka lilikuwa limelala bapa kitandani.

Hakulia. Aliniuliza kama nimekula. Kisha akasema, "Dada, wamekuja watu wa ofisini hapa. Wanasema ulishaiambia mashine wafungue."

"Siwema, nilikuwa na wewe mle ndani."

"Najua. Lakini wanasema ulishasema kabla." Akageukia ukutani. "Mimi niliingia kwa kufuli lako, dada. Mimi sikuwa na langu."

Nilimnyooshea shuka nikaondoka.

*

Alasiri ile nilikuwa uani namenya mihogo niliposikia sauti nyuma ya ua. "Hodi humu kwa walafi!"

"Karibu," nilisema, kwa mazoea. Mdomo ulitangulia kichwa.

Mihambo aliingia na kukaa kwenye kibao cha mbuzi, mahali pake pa siku zote. Nilimtilia chai. Macho yake yalikuwa mekundu. Alizungusha kikombe bila kunywa.

"Mwenzangu, mimi nitafungwa," alisema.

"Siwema amekatwa mguu."

"Najua. Sipati usingizi." Akajifuta uso kwa kiganja. "Ile alama nyekundu ilikuwa inaniuliza kila asubuhi. Mwamvua alikuwa anatania? Mwamvua ana maana gani? Urio amenisimamia kichwani, anataka tuwe kiwanda cha kwanza kuvitumia vivuli. Nikasema jambo lenyewe si utani, tuendelee. Niliona ni kitu kidogo. Mimi na wewe tunajuana."

"Ungeniuliza mimi."

"Ningekuuliza ungeanza kelele zako."

"Na nyundo? Ngazi kumi na kitu tu mpaka kwenye kinu, Mihambo. Ungeshuka ukagonga."

"Sauti ilisema umetoka." Sasa alikuwa analia. "Ilikuwa sauti yako. Nani anakwenda kumbishia hodi mtu aliyekwisha kumwitikia?"

Nikamwona akiwa amelala chali kaburini mwa mama, anadai soda. Nikamwona akinibebea mzigo wa mawe wakati nina mimba. Moyo wangu ulianza kulegea, sitaficha. Nilisema moyoni, Siwema nitamlea mimi, mguu haurudi hata Mihambo akifungwa, na mtu hamwangamizi mtani wake. Onyo langu nitalimeza. Nikafungua mdomo nimwambie haya, Mnyamwezi, umeshinda.

Nafikiri aliliona usoni kwangu. Alishusha pumzi, akanywa chai yote kwa mkupuo, akatabasamu huku machozi hayajakauka.

"Nilijua," alisema. "Hata Mtunza aliniambia utakubali, ila utanisumbua kidogo kwanza."

Kisu changu kilisimama kwenye muhogo. "Alikuambia lini?"

"Kabla sijatoka nyumbani. Nilimuuliza tu, nijue nije au nisije."

Kuku walikuwa wakidonoa maganda miguuni petu. Nilimtazama mtu yule, akiwa ameketi kwenye mbuzi yangu, kikombe changu mkononi, na jibu langu akiwa nalo mfukoni tangu kwake. Hakuja kuniomba, alikuja kulichukua. Na kilichoniuma kuliko yote ni kwamba kivuli kilikuwa sahihi. Nilikuwa nakubali. Nusu ya neno lilikwishafika mdomoni.

"Utani," nilimwambia taratibu, "unafanywa usoni pa mtu, naye akakujibu. Wewe umekwenda kuufanya na mashine, mimi nikiwa sipo."

"Mwamvua, sikiliza…"

"Bwana Mihambo, chai imekwisha."

Alishtuka kuliko kama ningemtukana. Matusi alishayazoea. Neno bwana sikuwahi kumwita.

*

"Sauti ile si yangu," niliiambia tume asubuhi. "Sikuulizwa, sikujibu. Nilikuwa ndani ya kinu."

Urio alionekana kuchanganyikiwa. Akamuuliza Mtunza maoni yake, na Mtunza akasema, kwa masikitiko kabisa, kwamba jibu hili halifanani na Mwamvua. Alishauri nipewe muda wa kupumzika niulizwe tena, au kiulizwe kivuli changu, ambacho kilikuwa katika hali yake ya kawaida. Wakili alilipokea wazo hilo vizuri. Kwa muda, naapa, wale watu walikaa wakajadili mbele yangu ni nani kati yetu wawili aaminiwe.

Mkaguzi, yule mzee mkimya, ndiye aliyefunga mjadala. Alisimama akaja mpaka nilipoketi, akagonga meza mbele yangu kwa kiungo cha kidole.

"Mama, upo?"

"Nipo," nilisema.

"Basi mimi nimemsikia," aliwaambia wenzake, akarudi kuketi.

Vivuli vilizimwa Mlima Kunguru. Kwingine nasikia vinaendelea, na vimeongezewa mambo. Siwema alirudi kazini kwa mguu wa bandia, yuko stoo. Sasa kila anayeingia kinuni anafunga kufuli lake mwenyewe, na Siwema ndiye anayetugawia makufuli. Huniita fundi, dada ameiacha, na mimi sijamlaumu. Kidude cha sikioni mimi nakivua nikifika getini na kukitia mfukoni. Magoti yangu yananiuma bila kuulizwa.

Mihambo alitoka kwa dhamana wiki ile ya mvua za kwanza. Nilikuwa uani alipofika. Nilizijua hatua zake kabla hajasimama nyuma ya ua.

"Hodi," alisema. Hakuongeza neno la walafi.

Nilishika ungo wangu wa mchele nikautuliza magotini ili usitoe sauti.

"Hodi, Mwamvua." Alikuwa anasubiri, nilimsikia anavyosubiri. Hakuna fundi anayesahau kusubiri kule. "Mwamvua, hodi."

Nilikuwa nalia na sikutoa pumzi. Mbele yangu palikuwa na kile kibao cha mbuzi, kitupu. Alingoja kidogo baada ya ile ya tatu, kama tulivyofundishwa sote, kisha nikasikia hatua zake zikiondoka, maana na yeye anaijua kanuni ya kinu: kimya mara tatu, hakuna mtu ndani.